Kwa nini nyangumi anaruka? Tumemwona kutoka nchi kavu, tukitembea kwa miguu Michamvi hadi Kizimkazi

#1 Shanta Mgongoni
Wakuu, habari za jioni.

Mwishoni mwa Julai mimi na binamu yangu tulivuka ghuba ya Chwaka kwa boti mpaka Michamvi, tukavaa mashanta, tukaanza kushuka pwani ya mashariki ya Unguja kwa miguu. Bwejuu, Paje, Jambiani, Makunduchi, kisha Mtende na Kizimkazi. Siku nne bila haraka, tukilala kwa wenyeji.

Siku ya tatu, kati ya Jambiani na Makunduchi, saa kumi alasiri, maji yamepwa, tumekaa chini ya mvinje tunakula muhogo. Binamu akanishika bega. Nje ya mwamba, mbele kidogo ya povu, moshi mweupe ulipanda ukalazwa na upepo. Nikadhani boti inaungua injini. Ukapanda wa pili, na chini yake mgongo mweusi, mrefu, ukajikunja pole pole kama gurudumu linavyozunguka, ukazama. Dakika saba kimya. Halafu akatoka mzima! Tumbo jeupe lenye mifereji, mapezi mawili marefu kama mbao za mtumbwi, akajigeuza hewani akaanguka kwa ubavu. Maji yalifunguka pande mbili. Mlio ulitufikia baadaye, kama mlango mzito umebamizwa nyumba ya pili. Alirudia mara kumi na moja. Nilikuwa naweka kokoto mchangani kila alipotoka, nisije nikajidanganya.

Sasa swali. Mnyama wa tani 30 anatumia nguvu zote hizo ili iweje? Mzee mmoja Makunduchi alituambia anajikuna. Kijana wa boti Kizimkazi akasema anatafuta jike. Mwalimu tuliyelala kwake akasema anacheza. Kila mmoja ana hakika na hakuna aliyekubaliana na mwenzake.

Na kwa wanaodhani lazima ukodi boti: sisi hatukukodi. Ukikaa mahali pamoja ukatulia, bahari inakuletea.

#2 Kibaraza
Uzi bila picha haunogi mkuu. Picha ziko wapi?

#3 Shanta Mgongoni
Kibaraza, simu imeshika nukta nyeusi na maji mengi. Baada ya mruko wa pili niliiweka mfukoni nikatazama kwa macho. Sijutii.

#4 Nahodha wa Jana
Mzee wa Makunduchi kakwambia kweli. Anajikuna.

Nimevua upande huo zaidi ya miaka thelathini. Kuna mwaka alitoka karibu na dau letu, karibu kiasi cha kumwona jicho. Kidevuni na ncha za mapezi ameota vile vigamba vyeupe vinavyoota chini ya chombo kikikaa majini bila kupandishwa pwani. Vikali, vinakata kama wembe. Sisi chombo tunakipandisha tunakikwangua. Yeye atakwanguliwa na nani? Anajipiga juu ya maji vibanduke.

#5 Mwalimu wa Bayo
Heshima yako Nahodha, lakini hesabu inanitatiza. Vigamba vile vimezama ndani ya ngozi. Ukimtazama nyangumi aliyeruka mara kumi, bado anavyo. Na kuutoa mwili wa tani 30 majini ni kazi kubwa kuliko karibu chochote anachofanya mnyama mwingine yeyote kwa pumzi moja. Tena akiwa huku kwetu hali chakula, au anakula kidogo mno. Anaishi kwa mafuta aliyojaza mwilini huko Bahari ya Kusini, karibu na Antaktika, anakokula uduvi wakati wa kiangazi cha kule. Mtu aliyefunga hachezei nguvu zake kwa kujikuna.

Aliyemwona mleta uzi ni nyangumi nundu. Mapezi marefu yale, karibu theluthi moja ya mwili, ndiyo kitambulisho, hakuna nyangumi mwingine mwenye nayo. Wanapanda huku kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi hivi kuzaa na kupandana, kisha wanarudi.

#6 Bwana Mkokoteni
Mimi nadhani mmeona papa potwe tu. Naye ni mkubwa, ana mgongo mweusi, na yuko hapa hapa Tanzania. Nyangumi ni samaki wa Ulaya kwenye barafu.

#7 Mtoto wa Kilindoni
Bwana Mkokoteni, pole pole. Mimi ni wa Mafia, papa potwe ni jirani yangu.

Papa potwe ni samaki kweli. Hatoi moshi kwa sababu hapumui hewa, anatumia matamvua. Mkia wake umesimama wima kama wa changu, unapiga kushoto na kulia. Wa nyangumi umelala kama sahani, unapiga juu na chini. Ukiona mkia tu umeshajua. Na potwe ana madoa meupe mgongo mzima, kila mmoja na mpangilio wake. Watafiti wanawatambua kwa picha za ubavuni.

Tena msimu ni mwingine. Kilindoni tunawaona vizuri kuanzia Oktoba mpaka Februari au Machi, wakati wa upepo wa kaskazi, wakifuata dagaa na uduvi mdogo mdogo. Watu walidhani wanaondoka kabisa, lakini walipofungwa vifaa vya kuwafuatilia ikaonekana wengi wapo mwaka mzima, ila wanashuka kwenye maji ya kina. Julai kuna upepo wa kusi. Mleta uzi kaona nyangumi.

Na nyangumi si samaki. Ananyonyesha.

#8 Bwana Mkokoteni
Nimekubali la mkia. La kunyonyesha ndani ya maji nitalitafakari.

#9 Watamu Wetu
Salamu kutoka Kenya. Sisi hapa Watamu tunawaona kila mwaka kuanzia Julai, wengine wakielekea Malindi na kupita. Mbuga zetu mbili za bahari, Watamu na Malindi, zilitengwa 1968, lakini kwa miaka mingi mgeni alikuja kwa ajili ya matumbawe na samaki wa rangi. La nyangumi watu wamelishika juzi juzi tu.

Kuhusu kuruka: mimi naona ni ujumbe. Anapoanguka, kishindo kinakwenda mbali chini ya maji. Niliwahi kuzamia na bunduki ya samaki nje ya mwamba, simwoni nyangumi popote, na nikasikia "bup", halafu tena "bup", kifuani kabla ya masikioni. Nilipopanda juu, nahodha wetu akanionyesha: yuko mbali, doa tu, anaruka.

#10 Mwalimu wa Bayo
#9 yuko karibu na ninaloliamini. Australia watafiti walikaa juu ya kilima kando ya bahari, wakahesabu mirukio huku wakipima umbali kati ya makundi. Makundi yakiwa mbali, wanaruka zaidi. Kundi likiwa linajiunga na jingine au kugawanyika, wanapiga zaidi mapezi na mkia juu ya maji. Na upepo ukizidi, kupiga maji kunazidi. Bahari ya upepo ina kelele, sauti ya kawaida inamezwa, lakini kishindo kinapenya.

Mleta uzi, siku ile kusi ilikuwaje?

#11 Shanta Mgongoni
Kali. Mchanga ulikuwa unatuchapa miguuni, na nje ya mwamba maji yote yalikuwa meupe vichwani. Ndiyo maana moshi wa kwanza niliudharau.

#12 Nahodha wa Jana
Mwalimu, hao wa Australia walikaa kilimani. Mimi nilikuwa naye ubavuni. Siku ile kulikuwa shwari kabisa, matlai, bahari kama mafuta ndani ya sahani, na aliruka mara nne. Upepo gani hapo?

#13 BintiMwani
Asalaam alaykum. Mimi ni wa huku Jambiani, nalima mwani. Nimesoma uzi wote nikaona mnasahau sisi tunaokaa majini tangu alfajiri.

Mashamba yetu yako ndani ya mwamba. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, likipwa tunatoka mbali mpaka tunakaribia povu. Mama yangu alianza kulima miaka ya mwanzo kabisa, mwani ulipoingia Paje na Jambiani mwaka 1989, na aliniambia wakati ule hawakuwaona. Mimi nawaona. Ninachokiona zaidi ni mama na mtoto. Mama anakaa kama gogo, mgongo nje, hajishughulishi. Mtoto ndiye anayeruka, na anaruka vibaya, nusu mwili, anaanguka kwa mgongo, anarudia, anarudia, kama mtoto wa mbuzi asubuhi akifunguliwa. Kuna siku nilifunga kamba nzima ya mwani na bado alikuwa anaruka. Kwa mtoto yule hapana kujikuna wala ujumbe. Anajifunza mwili wake.

#14 Dada Tanga
BintiMwani umenigusa. Nami nauliza: mtoto anazaliwa mkubwa kiasi gani?

#15 Mwalimu wa Bayo
Mita nne hivi, na uzito unakaribia tani. Mimba ni kama miezi kumi na moja au kumi na miwili. Anazaliwa bila mafuta mengi mwilini, ndiyo sababu mama anakuja kwenye maji ya uvuguvugu, ingawa hili nalo wanabishania. Wengine wanasema anakimbia nyangumi wauaji wa huko kusini. Akimaliza miezi michache lazima awe na nguvu za safari ya maelfu ya kilomita. Kwa hiyo hoja ya mazoezi ina uzito. Tatizo ni kwamba watu wazima nao wanaruka.

#16 Kibaraza
Kwani wewe ukishakuwa mtu mzima uliacha kukimbia? Mwalimu nawe!

#17 Nahodha wa Jana
Hilo la mama yake BintiMwani ni kweli tupu. Mimi miaka ya sabini sikuwaona. Nilikuwa nawasikia kwa wazee tu. Sasa hapiti Agosti sijamwona.

#18 Mwalimu wa Bayo
Kwa sababu waliuliwa. Karne iliyopita meli za kuvulia nyangumi ziliua zaidi ya nyangumi nundu 200,000 katika bahari za kusini peke yake. Walikatazwa kuuliwa huko kusini mwaka 1963, lakini meli za Umoja wa Kisovieti ziliendelea kwa siri kwa miaka kadhaa. Mama anazaa mmoja kila baada ya miaka miwili au mitatu. Piga hesabu mwenyewe inachukua muda gani kujaza bahari.

#19 Watamu Wetu
Au ni kwamba zamani hakuna aliyekuwa anatazama. Siku hizi kila boti ina simu tano, kila hoteli ina mtu mwenye darubini.

#20 BintiMwani
Watamu Wetu, mama yangu alikuwa anatazama. Mtu wa pwani anatazama bahari kila asubuhi kabla ya chai.

#21 Ghuba ya Masira
Nawasalimu kutoka Muscat. Bibi yangu ni wa Unguja, kwetu Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani.

Nawaongezea jambo litakalowachanganya. Oman nao wako nyangumi nundu, upande wa Masirah na Dhofar, na hao hawasafiri. Nyangumi wa Bahari ya Uarabuni wanakaa mwaka mzima, wanakula huku, wanazaa huku. Wanahesabiwa kuwa chini ya mia moja, na wametengana na wenzao wa kusini kwa muda mrefu sana. Mimi nimewaona mwezi wa pili. Nao wanaruka! Hawana safari ya kujifanyia mazoezi, hawakufunga kula. Basi sababu yoyote mtakayotoa iwaenee na hawa.

#22 Mwalimu wa Bayo
Hii ni hoja nzito. Nakaa nayo.

#23 Mpiga Kasia
Kijana wa boti Kizimkazi hakukosea. Tafuteni kundi la madume wakimfuata jike mmoja, muone wanavyoburuzana, wanapandana migongo, wanatoka damu kwenye nundu. Hapo kuruka ni kifua. "Mimi huyu, nione."

Na dume peke yake ndiye anayeimba. Usiku mmoja tumetia nanga nje ya Mtende, baba aliniambia nilaze sikio kwenye ubao wa chini wa dau. Kwanza nilisikia maji tu. Halafu mlio mrefu unashuka, kama mlango wa mbao usiotiwa mafuta, halafu mfupi mfupi unapanda, unakata, unaanza upya pale pale mwanzo. Ubao ulikuwa unatetemeka shavuni. Nilikaa hivyo mpaka shingo ikakaza.

#24 Dada Tanga
Nimesikia kwamba jike na dume wanaitikiana kwenye wimbo huo.

#25 Mpiga Kasia
Hapana dada, ni dume tu. Madume wa bahari moja wanaimba wimbo mmoja, na mwaka hadi mwaka unabadilika wote kwa pamoja. Kwa nini wanaimba nako ni ubishi mwingine.

#26 Mgeni wa Bara
Naomba kutoka kidogo kwenye kuruka. Mimi ni wa Iringa, nataka kufanya safari kama ya mleta uzi mwakani. Naomba mwongozo: maji, njia, usalama, muda gani wa kutazama.

#27 Shanta Mgongoni
Karibu sana. Kwanza jifunze maji kabla ya njia. Michamvi mpaka Makunduchi ni kama kilomita 30, na karibu yote ni mchanga ikiwa maji yamepwa. Yakijaa, sehemu nyingine yanagonga ukuta wa hoteli au jabali, na unalazimika kupanda kwenye barabara. Muulize mvuvi yeyote jioni kesho maji yanapwa saa ngapi. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Wakati wa bamvua yanakwenda mbali sana na yanarudi kwa kasi, usijitie mwambani kutafuta picha. Ukitembea ndani ya maji vaa viatu. Kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi, na kuna samaki taa amejifukia mchangani.

Kuanzia Makunduchi kwenda Mtende pwani inakuwa majabali ya matumbawe, makali. Tulikata ndani kwa njia ya msituni.

Sasa muda. Pwani ya mashariki asubuhi jua liko machoni pako, maji yote yanameta, huoni kitu. Alasiri jua liko mgongoni na moshi wa nyangumi unawaka mweupe. Kizimkazi inaelekea machweo, kwa hiyo geuza: kaa asubuhi. Tafuta mahali palipoinuka, hata mita tano zinasaidia. Usihangaishe macho. Tazama mstari mmoja nje ya povu, pitisha macho taratibu kushoto kwenda kulia, rudi. Ukiona moshi, usitazame pale pale tena, tazama mbele yake.

#28 Nahodha wa Jana
Na apite kwa sheha, kiongozi wa kijiji, kila kijiji atakacholala. Shanta hukulitaja hilo.

#29 Shanta Mgongoni
Kweli, ahsante mzee. Tulifanya hivyo kila mahali, na Makunduchi sheha ndiye aliyetutafutia pa kulala.

#30 Mgeni wa Bara
Shukrani sana. Je, tukitaka kulala ufukweni kwenye hema na kuwasha moto? Nimesikia kasa wanapanda usiku, ningependa kuwaona.

#31 Watamu Wetu
Moto hapana. Tochi hapana. Nakuomba kwa moyo wote.

Kasa anayepanda kutaga akiona mwanga anageuka. Na vifaranga wakitoka shimoni wanakimbilia upande wenye mwanga, ambao tangu zamani ulikuwa bahari. Nimeokota vifaranga asubuhi bustanini kwa watu, wamekauka, wamefuata taa ya kibaraza usiku kucha. Shimo moja lina mayai mia na kitu, na siku karibu sitini za kungoja, na yote yanaishia kwenye majani ya bustani.

Ukitaka kuona, nenda na watu wa kijiji wanaolinda mashimo. Wanajua siku ya kutoka. Utakaa gizani, utanyamaza, utaona.

#32 Mtoto wa Kilindoni
Njoo kisiwa cha Juani, Mafia. Wanakijiji wanalinda, na vifaranga wanatoka miezi ya Juni mpaka Septemba hivi, alasiri, mchana kweupe. Wanatoka kama mchanga unachemka. Hapa nchini wanaotaga ni wawili tu, kasa wa kawaida na ng'amba. Wengine kama duvi na noa wanapita.

#33 Ghuba ya Masira
Duvi wako kwetu kisiwani Masirah, moja ya pwani zao kubwa kabisa za kutaga iko pale. Nasikitika kusema nao wanapungua.

#34 Bwana Mkokoteni
Kasa nyama yake tamu lakini. Babu alikuwa anatusimulia.

#35 Mpemba Halisi
Bwana Mkokoteni, hapo naomba usitanie. Machi 2024, kisiwa cha Panza, Pemba: watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula kasa, wengine kama 78 wakalazwa. Novemba 2021 hapo hapo Pemba walifariki saba. Sumu haionekani, haina harufu, na kupika hakuiondoi. Wanaoathirika kwanza ni watoto na wazee. Nimezika.

#36 Bwana Mkokoteni
Nisamehe ndugu yangu. Sikujua. Mungu awarehemu.

#37 Dada Tanga
Poleni sana. Sumu yenyewe inatoka wapi?

#38 Mpemba Halisi
Wanasema kasa anaipata kwenye mwani au viumbe vidogo anavyokula, inakaa mwilini mwake bila kumdhuru. Lakini kwa nini kasa huyu na si yule, mwezi huu na si ule, hajatokea wa kunijibu.

#39 Kibaraza
Mnakumbuka pomboo wa Nungwi, Aprili 2006? Nilikuwa darasa la sita. Tuliambiwa tusiende pwani, tukaenda. Kendwa mpaka Nungwi wamelala mchangani, kama 400. Wengine walikuwa wanawapasua kuchukua maini kwa ajili ya sifa, yale mafuta ya kupaka vyombo. Mimi nilishika pezi la mmoja. Ngozi ilikuwa laini kama yai lililomenywa. Bado naota.

Walisema ni sumu. Vipimo havikuonyesha sumu. Wakasema meli za kivita za Marekani zenye vyombo vya sauti chini ya maji. Halikuthibitishwa. Wakasema walipotea njia wakaingia maji madogo, kupwa kukawakuta. Sijaridhika na lolote.

#40 Nahodha wa Jana
Mimi naamini maji yaliwakuta. Pomboo hawa wanafuatana. Mmoja akikosea, wote wamekosea.

#41 Watamu Wetu
Mia nne wakosee pamoja? Mzee, hao wamekimbia kitu.

#42 Kijana wa Mkunguni
Nimeona boti za Kizimkazi zinatajwa tangu juu, na mleta uzi anajisifu hakukodi. Mimi ndiyo kazi yangu. Naomba nami nisikilizwe.

Kabla ya utalii pomboo hapa walikuwa chambo. Waliuliwa, wakakatwa, wakatiwa kwenye ndoana za papa, mpaka katikati ya miaka ya tisini. Kilichosimamisha ni mgeni aliyelipa kumwona akiwa hai. Hifadhi ya Ghuba ya Menai ikaja 1997. Kwa hiyo tusitukanwe.

#43 Shanta Mgongoni
Sijakutukana kaka, na hilo la chambo sikulijua, ahsante. Lakini nitasema nilichokiona nikiwa juu ya jabali asubuhi ya siku ya nne. Pomboo walikuwa kama kumi na wawili, wanakwenda pole pole, wanapumua kwa zamu, nadhani walikuwa wanapumzika. Zikaja boti saba. Zikawazunguka, watu wakajirusha majini mbele yao. Pomboo wakazama, wakatokea mbali. Boti zikafuata. Wakazama tena. Nilihesabu mara tisa katika nusu saa. Palikuwa na mdogo kati yao.

#44 Mwalimu wa Bayo
Utafiti uliofanywa hapo Kizimkazi unasema hivyo hivyo: boti zikiwafukuza, muda wao wa kupumzika unapungua.

#45 Kijana wa Mkunguni
Nakubali wapo wanaofukuza. Nahodha anaona mwenzake kasogea, mgeni anamwambia "sogea, nimelipa". Mimi nazima injini mbali nawangoja. Mara nyingi wanakuja wenyewe. Siku wasipokuja, mgeni ananuna na mimi sipati bakshishi. Ndiyo hali.

Lakini nyavu za jarife zinaua pomboo wengi kuliko sisi, na hazitajwi.

#46 Mtoto wa Kilindoni
Hapo umesema kweli. Jarife ndilo lililotumalizia nguva pia. Mafia na delta ya Rufiji wapo wachache mno waliobaki, wanakula majani ya bahari ndani ya maji madogo, pale pale nyavu zinapotegwa. Babangu aliona mara tatu. Mimi sijaona hata mmoja.

#47 Mpiga Kasia
Turudi kwenye swali. Kijana wa Mkunguni, wewe uko nao kila siku. Boti ikimkaribia nyangumi, anaruka zaidi au kidogo?

#48 Kijana wa Mkunguni
Mara nyingine anaruka mara moja karibu na sisi halafu anaondoka kabisa. Mimi nimelichukua hilo kama onyo. Mwenzangu analichukua kama salamu. Tunafanya kazi boti moja.

#49 Mwalimu wa Bayo
Kama ni hivyo, pengine kuruka ni kama kupiga makofi. Unapiga kwa furaha, unapiga kufukuza ndege shambani, unapiga kumwita mtu. Kitendo kimoja, maana nyingi.

#50 Nahodha wa Jana
Na wakati mwingine unapiga kuua mbu. Yaani kujikuna.

#51 Kibaraza
Hahaha mzee haachi!

#52 Ghuba ya Masira
Sikubali kwamba ni yote kwa pamoja. Hilo ni jibu la kumaliza maneno. Lazima kuna lililoanza.

#53 BintiMwani
Nimetoka majini sasa hivi, mikono bado mibichi, nawaandikia kabla sijasahau. Leo alfajiri, upepo kidogo sana, maji ya kupwa. Wawili, mama na mtoto, karibu na mlango wa mwamba. Mara hii mtoto katulia kabisa, kalala ubavuni kwa mama. Mama ndiye aliyeruka. Mara tatu, mzima mzima, halafu akarudi akakaa na mtoto ubavu ule ule. Hapakuwa na boti. Nyangumi mwingine sikumwona, na nilisimama nikatazama mpaka maji yakanifika kiunoni.

Nielezeni hiyo.